Dodoma kuna nini cha kuona? Makao makuu yanayotazamwa kupitia uzio

Zamani aliyefunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma alikuwa na sababu: semina, kikao cha chama, barua ya wizara, au mtoto anayeanza chuo. Basi lilikula kutwa nzima kwenye barabara ya kilomita 450 hivi, na si wengi waliokwenda kutembea tu. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika huko Julai 2024, safari hiyo imekuwa ya chini ya saa nne, kwa nauli ya kawaida iliyotangazwa mwanzoni kuwa shilingi 31,000. Mtu anaweza kuondoka Dar es Salaam asubuhi, akashinda Dodoma, na usiku akalala kwake. Nusu karne baada ya TANU kuamua, mwaka 1973, kuhamishia makao makuu katikati ya nchi, Mtanzania wa Pwani anaweza kwenda kuutazama mji mkuu wake kama Mfaransa wa mikoani anavyokwenda kuitazama Paris, au Mwingereza wa Manchester anavyoshukia London.

Ndipo swali linapokuja. Akishashuka stesheni, atazame nini?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hakuna kitu. Ni vumbi, upepo na ofisi. Sisi tunalikataa jibu hilo. Dodoma haina uhaba wa vitu vya kuona. Shida yake ni kwamba vingi vinavyoonekana kwa mbali haviingiliki, na vingi vinavyoingilika hakuna aliyeviwekea hata kibao cha maelezo. Na lipo jambo moja kubwa katika historia ya mji huu ambalo mgeni anaweza kuondoka bila kulisikia kabisa. Tutalifikia.

Mji uliopangwa usijionyeshe

Ili kuielewa Dodoma ya leo ni lazima kurudi kwenye mpango wake. Baada ya uamuzi wa 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi waliijua kwa herufi zake tatu tu, CDA. Kazi ya kuchora mji ilipewa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na mpango wake ukatoka mwaka 1976. Ulikuwa mpango wa ajabu kwa zama zake. Brazil ilikuwa imezindua Brasília mwaka 1960, yenye barabara pana na majengo ya kushangaza macho. Malawi ilikuwa imehamia Lilongwe mwaka 1975. Dodoma ilikusudiwa kuwa kinyume cha fahari ya namna hiyo: majengo mafupi yanayofuata mteremko wa ardhi, mitaa ya watu kutembea kwa miguu na baiskeli, njia za mabasi, mikanda ya kijani, na vitongoji vinavyojitegemea kama vijiji vilivyokaribiana. Mji mkuu wa nchi ya ujamaa haukutakiwa uwe na mnara wa kumfanya mwananchi ainue shingo.

Tuiangalie miji mikuu ya kihistoria ya Ulaya, tuone tofauti. Watu wanapanda ndege kwenda kutazama Lango la Brandenburg mjini Berlin, Kasri la Buckingham mjini London, au magofu ya Roma. Takribani yote hayo yalijengwa na wafalme na madola ili raia na maadui waone nani mwenye nguvu. Utalii umekuja baadaye, karne nyingi baadaye wakati mwingine, kula matunda ya kiburi hicho. Watu wa Dodoma ya 1976 walilijua hilo, na walilikataa kwa makusudi. Kwa hiyo anayelalamika kwamba Dodoma haina kitu kirefu cha kupigia picha analalamikia kitu kilichopangwa.

Fedha hazikutosha, vita vya Uganda vikaja, uchumi ukaanguka, na wizara zikabaki Dar es Salaam. Uhamisho uliopangwa kuchukua miaka kumi ukachukua zaidi ya arobaini. Kilichobaki kwa wakazi kilikuwa CDA yenyewe, ambayo ilimiliki ardhi na kuwapangishia watu viwanja kwa miaka 33 wakati kwingineko nchini hati ilikuwa ya miaka 99. Mwenye nyumba Dodoma alikuwa mpangaji katika mji mkuu ambao haujafika. Rais John Magufuli aliivunja CDA Mei 2017, na ugomvi wa viwanja haukuisha siku hiyo.

Magufuli ndiye aliyeamua Serikali ihame kweli. Alitangaza hivyo Julai 2016, Siku ya Mashujaa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia mwezi Septemba mwaka huohuo, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe mwaka 2019. Katikati ya hapo, Aprili 2018, Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na sheria ya kulitangaza kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka huohuo. Sensa ya 2022 ililikuta jiji lina watu 765,179.

Fahari imekuja, na uzio wake

Ukitoka mjini kwa barabara ya Dar es Salaam, unalipita kwanza Bunge, lenye ukumbi wa duara uliofunguliwa mwaka 2006. Mbele zaidi, kiasi cha kilomita 17, ni Mtumba, Mji wa Serikali, ambao Magufuli aliuzindua Aprili 2019. Wizara zilianza pale na nyumba za chini, za haraka haraka. Baadaye yakapanda maghorofa yenye vioo ambayo leo hii yanaonekana kutoka mbali kama mji mwingine kabisa. Endelea na barabara hiyo unafika Chamwino, ambako Ikulu mpya ilizinduliwa Mei 2023.

Hii Ikulu inastahili kusimama nayo kidogo. Umbo lake linafuata lile la Ikulu ya Magogoni, Dar es Salaam, ambayo msingi wake ni kasri la gavana wa Kijerumani lililojengwa upya na Waingereza katika miaka ya 1920. Yaani Tanzania ilipopata nafasi ya kujijengea makazi ya Rais katika ardhi yake mpya, mbali na bahari, ilichagua sura ya jumba la gavana wa pwani. Wapo wanaosema ni kuendeleza historia, kwamba Magogoni imeshakuwa yetu tangu Mwalimu Nyerere aingie. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Chamwino hiyohiyo ni mahali ambapo mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Nyerere alikaa na wanakijiji wakifyatua matofali ya kijiji cha ujamaa. Nyumba ya asili ya Kigogo ni tembe: pana, ya chini, paa bapa la udongo, iliyojificha na upepo. Hatusemi Rais alale kwenye tembe. Tunasema tu kwamba anayetaka kuona Dodoma ikijadiliana na historia yake aiangalie Chamwino, akipata pa kusimama.

Maana hapo ndipo penye tatizo. Ikulu ina walinzi, na ni haki yake. Mtumba ni ofisi. Kupiga picha jengo la Serikali bila ruhusa kunaweza kukuletea maswali usiyoyapenda kutoka kwa askari, hata kama ulitaka tu kumwonyesha mama nyumbani. Makao makuu ya CCM mjini, ambayo watu wenyewe wameyabatiza White House, hutazamwa zaidi kupitia geti. Jiji lililokataa kujionyesha sasa lina vya kujionyesha, ila mwananchi anavipita akiwa ndani ya daladala.

Kuna jengo moja lililo tofauti, na ni ajabu kwamba halitajwi kama kivutio. Ni Bunge. Yeyote aliyewahi kusikiliza matangazo ya kikao asubuhi anaijua ile sehemu ambapo, baada ya maswali, Spika anasoma orodha ya wageni waliopo jukwaani: wanafunzi na walimu wa shule fulani, kwaya ya kanisa fulani, wapigakura wa mheshimiwa fulani, madiwani waliokuja kujifunza. Wabunge wanapiga makofi, wageni wanasimama, wanaketi. Mtu wa mjini anaiona sehemu hiyo ya kuchosha. Sisi tunadhani ndiyo ziara ya mji mkuu iliyofanikiwa kuliko zote Tanzania, na imefanyika miaka mingi bila brosha wala wakala wa utalii. Mtoto wa Mpwapwa au Singida anashuka kwenye basi la shule, anakaguliwa, anakaa juu, anamtazama mbunge wake akisinzia au akisema. Ameuona mji mkuu.

Wajerumani walilifanya jambo hilohilo kwa vioo. Jengo la Bunge la Berlin, Reichstag, lilipofunguliwa tena mwaka 1999, msanifu Norman Foster aliliwekea kuba la kioo ambalo raia na wageni wanalipanda kwa miguu, bila malipo, mradi wamejiandikisha mapema. Wanatembea juu ya vichwa vya wabunge. Kuba hilo limekuwa miongoni mwa sehemu zinazotembelewa sana Ujerumani, na linaingilika hata siku ambazo wabunge hawapo.

Hilo la mwisho ndilo Dodoma ingeliazima. Wenye hoteli na nyumba za wageni wanaujua mwaka wa jiji hili kwa kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limeketi, chumba kinatafutwa kwa simu za kujuana na bei inapanda. Wabunge wakifunga mabegi, dereva wa bajaji anakaa kivulini na mama lishe anapunguza sufuria. Uhamisho wa wizara umeipunguza makali hali hiyo, haujaimaliza. Kikundi cha wanafunzi kinachoweza kuingia Bungeni hata Agosti, kikaonyeshwa ukumbi na kuelezwa siwa ni nini na kwa nini inatangulizwa mbele ya Spika, kinakula mahali na kinalala mahali.

Mji wa zamani, wa nusu siku

Ndani ya mji wenyewe mambo ni mepesi zaidi, na bure. Wajerumani walianzisha mji huu mwaka 1907 kwa ajili ya reli ya kati, na reli ikafika mwaka 1910, ikielekea Tabora na hatimaye Kigoma. Stesheni ya zamani bado ipo, na mbele yake hoteli ya enzi hizo, ambayo imebadilishwa sana lakini bado inaonyesha jinsi abiria wa daraja la kwanza alivyovuka barabara moja tu kwenda kulala. Jirani ni Uhindini, mitaa ya maduka ya Wahindi. Unaweza kuutembea mji huo kwa miguu: sanamu ya Mwalimu katika viwanja vya Nyerere, Kanisa Kuu la Anglikana lenye kuba na la Kilutheri lisilo mbali nalo, jamatkhana ya Waismailia, kisha Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010 kwa fedha za Libya na unaotajwa kuchukua waumini wapatao 3,000. Mfadhili aliuawa mwaka uliofuata. Jina limebaki ukutani.

Kuhusu jina la mji wenyewe, visa ni viwili na kila mwongozaji ana anachokipenda. Kinachosimuliwa kwa watoto ni cha tembo aliyekuja kunywa maji akazama matopeni, watu wakasema "idodomya", amezama. Kingine kina chumvi zaidi. Wagogo walichukua ng'ombe wa jirani zao Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia tu na kuichomeka kwenye tope. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia: ng'ombe wenu hao, wamezama. Mji mkuu wenye kisa cha namna hiyo hauhitaji kutunga kingine.

Makumbusho pekee ya kusimamia nayo ni ya miamba, chini ya taasisi ya jiolojia ambayo imekuwa Dodoma tangu wakati wa Waingereza. Ndani kuna madini ya nchi nzima, na nje ya dirisha kuna maelezo yake: mawe haya ya matale yanayochomoza kila mahali Dodoma, pamoja na Mlima Simba ambao vijana huupanda jioni, ni sehemu ya ardhi kongwe kabisa barani Afrika, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Roma ni mtoto mchanga hapo.

Lakini makumbusho ya watu hakuna. Makumbusho ya Taifa kwa miaka mingi imejulikana kwa vituo vyake vya Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Makao makuu hayakuwemo. Hilo linatuleta kwenye lile tuliloliahidi.

Mtunya

Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Dola ya Uingereza yaliyotokea Kondoa yaliingia Dodoma. Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma, na walipokuwa wakirudi walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Waliokuja nyuma yao nao walikuwa na tumbo. Wakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Ugogo ni nchi ya mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka katika mwaka wa kawaida. Ng'ombe ndiyo benki na ghala lake. Mvua ilipokataa baada ya hapo, benki ilikuwa tupu. Kuanzia 1917 hadi 1920 watu walikufa kwa njaa, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta wamekwisha kudhoofika. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapatao 30,000 walikufa, katika nchi ambayo wakazi wake wote pengine hawakuzidi 150,000. Wagogo waliipa njaa hiyo jina la Mtunya, neno linalobeba maana ya kunyang'anyana na kugombania. Waliijua sababu yake.

Dodoma ina makaburi ya vita ya wakati huo. Yanatunzwa na tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola, kama ilivyo kwa askari wa Dola hiyo popote walipolazwa duniani. Ni jambo jema, na sisi hatuna neno juu ya kaburi linalofagiwa. Ila mgeni anayezunguka mji huu kwa siku nzima ataona mahali walipozikwa waliokuja na vita, asione popote wanapotajwa waliokufa kwa sababu ya vita hivyo. Mmoja kati ya kila watano, kwa makadirio hayo, na katikati ya mji mkuu wa Jamhuri hakuna jiwe wala ubao kwenye njia ya mgeni unaolitaja neno Mtunya.

Hapa kulinganisha na Ulaya kuna faida. Berlin, hatua chache kutoka Lango la Brandenburg, ilifungua mwaka 2005 eneo la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa: vizuizi 2,711 vya zege, katika ardhi ghali kupita zote za mji huo. Dola liliamua kwamba mgeni anayekuja kupiga picha lango la ushindi apite na hapo. Na Ujerumani hiyohiyo, kwa kinywa cha Rais wake Frank-Walter Steinmeier, iliomba msamaha Songea mnamo Novemba 2023 kwa mauaji ya wakati wa Majimaji. Kwa nini Songea? Kwa sababu Songea kuna makumbusho, kuna kaburi, kuna watu ambao wamekuwa wakikutana hapo kila mwaka kukumbuka. Palikuwa na mahali pa kusimama. Mtunya haina mahali pa namna hiyo, na aliyeisababisha ni wawili, si mmoja, jambo linalofanya iwe rahisi zaidi kwa kila upande kukaa kimya.

Hatudai mnara mrefu. Ubao kwenye stesheni ya zamani ungetosha kuanzia, kwa kuwa ni reli hiyo iliyoyafikisha majeshi na kuondoa chakula. Anayesema kwamba historia ya njaa si kivutio cha watalii aende akahesabu mabasi yanayoegesha kwenye kumbukumbu za mauaji ya kimbari mjini Kigali.

Nje ya mji

Tumeona watu wakifika Dodoma na kuondoka bila kusikia hata wimbo mmoja wa Kigogo. Hilo ni hasara kubwa kuliko kutoona Mtumba. Huku ndiko alikotoka marehemu Hukwe Zawose, aliyeupeleka muziki wa marimba na zeze wa Wagogo katika kumbi za Ulaya na Japani, na kuimba kwao kwa sauti nyingi zinazopishana kumewashangaza wataalamu wa muziki wa dunia nzima. Wanakijiji wa Chamwino wana kituo chao cha sanaa na tamasha lao la muziki wa Cigogo, umbali mfupi kutoka kwenye uzio wa Ikulu. Ratiba ya mgeni wa Serikali ingeweza kuwa na saa moja hapo badala ya kikundi cha ngoma kupangwa mstari kwenye jua uwanja wa ndege.

Zabibu utaziona bila kuulizwa. Wauzaji watakuletea dirishani. Zilipandwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia katika miaka ya 1950, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na Hombolo kuna mvinyo. Mkulima analalamika soko kila msimu, na ana haki, lakini hiyo ni makala nyingine.

Mwenye siku ya pili aende Kolo. Barabara ya Dodoma hadi Babati ilikamilika kwa lami mwaka 2018, na Kondoa imekuwa safari ya asubuhi. Kaskazini yake, kwenye kingo za Bonde la Ufa, kuna mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro: watu warefu wembamba, twiga, tembo, watu walioshikana mikono, na juu yake michoro mingine myeupe ya baadaye. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hakuna mji mkuu wa Ulaya wenye kitu cha umri huo kinachotazamwa bila foleni. Ofisi ipo kijijini Kolo. Unajiandikisha, unapewa mwongozaji, unapanda mlima.

Unapopanda, uliza kuhusu Mungomi. Ni pango ambalo watu wa hapo wanaendelea kulitumia kwa tambiko, kuombea mvua na wagonjwa, na katika tambiko pombe ya mtama humwagwa au kurushwa kwenye mwamba. Wahifadhi wana wasiwasi kwamba pombe inaharibu rangi. Wenye tambiko wanajibu kwamba babu zao walikuwa hapo kabla ya ofisi ya hifadhi, na kwamba pango lisiloombewa ni jiwe tu. Wapo pia waliochimba mashimo humo wakiamini Wajerumani walifukia dhahabu walipokuwa wakikimbia mwaka 1916, na hao hawana mtetezi upande wowote. UNESCO yenyewe, ilipoiorodhesha Kondoa, ilihesabu tambiko hizo kuwa sehemu ya thamani ya mahali hapo. Kwa hiyo mgeni akikuta watu wametangulia na wana shughuli yao, mwongozaji humwambia asubiri chini, na yeye husubiri.